Barafu ya Mlima Kenya, boko wa Tana: matembezi ya mashua kwa anayefanya kazi Liboi

Mtu wa Pwani akipelekwa kazini Liboi, kinachomtia unyonge kwanza si joto. Joto tumezaliwa nalo. Ni kukosa maji ya kutazama. Aliyekulia Lamu, Malindi au Mombasa amezoea kwamba akitembea kidogo kuelekea mashariki atakutana na bahari. Liboi ukielekea mashariki unakutana na mpaka, na ng'ambo yake ni Dhobley ya Somalia. Nyuma yako kuna kama kilomita 80 za mchanga na miiba mpaka Dadaab, kisha nyingine kama 100 mpaka Garissa mjini, na huko ndiko uliko mto.

Hata hivyo watu wetu wamekwenda na wanaendelea kwenda: walimu, wauguzi, askari, madereva wa malori, mafundi wa visima, wafanyakazi wa mashirika ya misaada, hasa tangu mwaka 1991 wakimbizi wa Kisomali walipoanza kuingia kwa wingi kupitia mji huo. Wengi wao wakipata likizo fupi isiyotosha kufika nyumbani na kurudi, huuliza swali moja. Je, huku juu hakuna mahali mtu anaweza kupanda mashua akaona wanyama, akapoza roho kabla ya kurudi kazini?

Mahali papo, ila si Liboi kwenyewe, na hakuna kibanda cha kukatia tiketi. Matembezi hayo ni ya Mto Tana, kuanzia Garissa kushuka mpaka Kipini. Makala haya yanaeleza mto wenyewe, wanyama wake, vyombo vya kupanda na hatari zake. Yanagusia pia barafu ya Mlima Kenya, kwa sababu kila likitajwa jina la Tana siku hizi kuna mtu atasema mto unakauka kwa kuwa barafu imeyeyuka. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini yamegeuzwa kichwa chini.

Msimu gani

Majirani zetu Wasomali huugawa mwaka kwa misimu minne. Jilaal ni kiangazi kikali, kuanzia Disemba mpaka Machi. Gu ni mvua kubwa, ile tunayoiita masika. Hagaa ni Julai mpaka Septemba, kukavu lakini kuna upepo. Deyr ni mvua fupi, vuli yetu. Kwa anayetaka kupanda mashua, hagaa ndiyo bora. Mafuriko ya gu yamepungua, barabara za mchanga zinapitika, na wanyama wanaanza kusogea mtoni kwa sababu mabwawa ya mvua porini yamekauka.

Ila kuna jambo moja ambalo mtu wa Pwani halihitaji kuelezwa sana. Hagaa ndiyo kusi. Huko Garissa na Masalani maji ni tulivu, lakini ukifika mdomoni Kipini wakati huo bahari imechafuka, mawimbi yanavunjika mbele ya mdomo wa mto, na nahodha mwenye akili hatoki nje. Aliye na nia ya kufika Kipini na kuendelea Lamu kwa chombo, asubiri kaskazi. Jilaal nayo ina faida zake, kwani wanyama ni wengi zaidi mtoni, lakini joto la Liboi na Garissa wakati huo si la kufanyiwa mzaha.

Vitu viwili kwenye maji mamoja

Wenzetu walioko Marekani hutuma picha za matembezi ya Alaska. Mtu anapanda boti asubuhi katika bandari ya Seward, anaingia maji ya Hifadhi ya Taifa ya Kenai Fjords iliyotangazwa mwaka 1980, anaona nyangumi, sili na fisi maji wa baharini wamelala chali, na mchana boti inasimama mbele ya ukuta wa barafu, kama ule wa Aialik au Holgate, ukimega vipande na kuviangusha baharini. Jioni yuko bandarini anakula samaki. Ni siku moja, na barafu na wanyama vyote viko mbele ya macho.

Sisi vyote viwili tunavyo, na vimeunganishwa na maji yale yale, ila vimeachana karibu kilomita 1,000. Huo ndio urefu wa Tana, mto mrefu kuliko yote Kenya. Maji yake yanaanzia milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, yanapita mabwawa matano ya umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yanakata nyika karibu na Meru na Kora, yanafika Garissa, kisha yanageuka kusini kwenda Hola, Garsen na Kipini. Ukiwa kwenye mtumbwi Garissa hutaona barafu hata ukipanda mti.

Habari za barafu hiyo ziliwafikia Wazungu kupitia Pwani yetu. Johannes Rebmann, mmishonari wa Rabai, aliona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848. Mwaka uliofuata mwenzake Ludwig Krapf, yule ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa 1882, aliuona Mlima Kenya akiwa Ukambani. Wataalamu wa Ulaya waliwacheka: theluji kwenye ikweta itoke wapi? Mwaka 1851 Krapf alirudi akaelekea Tana pamoja na Kivoi, mfanyabiashara maarufu wa Kikamba. Walivamiwa njiani karibu na mto, Kivoi akauawa, na Krapf akanusurika peke yake porini, akibeba maji ndani ya mtutu wa bunduki. Kwa hiyo anayelalamika leo kuhusu vizuizi vya barabarani kati ya Dadaab na Garissa akumbuke kwamba Tana haijawahi kuwa safari ya mteremko.

Mwishoni mwa karne ya 19 wapandaji mlima walihesabu vipande 18 vya barafu ya kudumu juu ya Mlima Kenya. Leo havifiki 10, na vingine ni mabaka tu. Kikubwa kuliko vyote, kiitwacho Lewis, kilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Kipimo cha mwaka 2016 kilikuta barafu yote ya mlima imebaki kama hekta 7. Mji wa kale wa Lamu, ule uliosajiliwa na UNESCO, ni kama hekta 16. Yaani barafu yote ya Mlima Kenya ukiishusha na kuitandaza Lamu, haifuniki hata nusu ya mji. UNESCO ilisema mwaka 2022 kwamba barafu katika maeneo ya urithi ya Afrika huenda ikaisha kabisa kufikia 2050.

Sasa pima mwenyewe. Barafu ya hekta 7 haiwezi kuujaza mto unaopita chini ya daraja la Garissa. Tana inalishwa na mvua inayonyesha kwenye misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua, ikanywewa na ardhi, ikatoka polepole kwenye chemchemi mwaka mzima. Barafu ni kipimajoto tu. Inatuambia mlima una homa, lakini si yenyewe inayotunywesha. Kinachotunywesha ni msitu, na msitu ukikatwa mvua hiyo hiyo inashuka yote kwa siku chache, inafurika Garissa, kisha mto unabaki mwembamba. Nalisisitiza hili kwa sababu lawama ikipelekwa kwenye barafu, kila mtu anainua mikono na kusema ni mambo ya dunia. Ikipelekwa kwenye msitu na mabwawa, kuna watu wa kuulizwa.

Na Liboi?

Wengi hudhani Liboi haina uhusiano wowote na mlima. Inao. Upande wa pili wa Mlima Kenya na Nyandarua unatoka mto mwingine, Ewaso Ng'iro, ambao hauendi baharini. Unapita Isiolo, unaishia kwenye kinamasi cha Lorian karibu na Habaswein, na miaka ya mvua nyingi unavuka kinamasi na kuendelea katika laga kubwa iitwayo Lagh Dera, inayokwenda upande wa Liboi hadi ndani ya Somalia. Miaka mingi laga hiyo ni mchanga mtupu. Lakini chini ya ardhi, kuanzia Merti, kupita Habaswein na Dadaab mpaka Liboi, kuna hazina ya maji ambayo wataalamu huiita kwa jina la Merti, na sehemu ya maji yake inatokana na Ewaso Ng'iro. Visima virefu vya kambi za Dadaab vinachota humo. Katikati ya hazina maji ni matamu, pembeni yana chumvi.

Kwa hiyo mfanyakazi wa Liboi anayejaza mtungi asubuhi na mvuvi wa Ozi anayetupa wavu jioni wanategemea milima ile ile, ila kila mmoja kwa upande wake.

Vyombo vilivyopanda mto huu

Tana imepandwa kwa vyombo tangu zamani. Wapokomo, wenye mto kwa haki zote, wanasafiri kwa mitumbwi ya kuchonga kwa gogo moja, wakitumia kafi na upondo. Waswahili wa Kau, Ozi na Kipini walifanya biashara nao ya mpunga, pembe na nta. Mdomo wenyewe wa mto tunaoujua leo ni kazi ya mikono kwa kiasi fulani, kwani katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi, na taratibu Tana ikafuata njia hiyo mpaka Kipini.

Mwaka 1878 ndugu wa Denhardt, Wajerumani ambao baadaye walijiingiza katika siasa za Witu, walipanda Tana kuuchunguza. Mwaka 1891 nahodha Dundas wa kampuni ya Waingereza aliupanda kwa meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Kenia, akafika mpaka Hameye ambako miamba na maporomoko yalimzuia. Ndoto yao ilikuwa kuufanya Tana njia ya meli mpaka mlimani. Mchanga wa Tana ukaikataa ndoto hiyo. Mto huu huhamisha mafungu yake kila mafuriko. Penye kina leo, mwaka ujao utapita kwa miguu. Ndiyo maana mpaka sasa mtu wa kumwamini ni kijana wa Kipokomo au wa Kimunyoyaya aliyelelewa ukingoni, si ramani.

Wanyama, kwa kufuata mkondo

Kabla ya Garissa, juu kabisa, ni Kora, upande wa Tana River. Hapo ndipo aliishi George Adamson na simba wake hadi alipouawa na majambazi Agosti 1989. Hakuna mashua ya kufika huko kutoka Garissa kwa mtu wa kawaida, na sioni haja.

Garissa mjini, karibu na daraja, mamba na boko wapo, wakati mwingine karibu na mashamba ya ndizi na maembe yanayomwagiliwa kwa pampu. Wasomali humwita mamba yahaas na boko jeer. Yafaa kuyajua majina haya mawili, kwa sababu mtu akikupigia kelele kutoka ukingoni huenda asipate muda wa kutafsiri. Kusini kidogo mwa mji kuna hifadhi ya jamii ya Bour-Algi, ya twiga. Ni wale wenye alama kama wavu uliochorwa kwa chokaa juu ya ngozi nyekundu. Huko hufiki kwa mashua, ni gari au pikipiki, lakini jioni twiga wakitembea katikati ya mbuzi na ngamia bila kujali mtu, utaelewa kwa nini wenyeji wanawaona kama sehemu ya boma. Swala twiga, tandala wadogo na ngiri nao huonekana.

Kutoka hapo kushuka, ukingo wa mashariki ni Garissa na wa magharibi ni Tana River. Ndege ni wengi mno: furukombe juu ya miti mikavu, yangeyange, korongo, mnandi wakikausha mabawa. Hola iko ukingo wa magharibi, na mzee yeyote atakukumbusha kambi ambamo wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa mpaka kufa tarehe 3 Machi 1959.

Chini ya Hola, kati ya Wenje na Baomo, mto umezungukwa na vipande vya msitu mnene wa ukingoni. Hapa ndipo wanaishi nyani wawili wasiopatikana mahali pengine popote duniani: mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana. Mbega hukaa juu na kula majani. Mangabe hushuka chini kutafuta matunda na mbegu. Ukiwa mashuani asubuhi na mapema, injini ikizimwa, utawasikia kabla ya kuwaona. Serikali ilitenga hifadhi kwa ajili yao mwaka 1976. Wakazi walishtaki wakisema ardhi yao ilichukuliwa bila utaratibu, na mwaka 2007 Mahakama Kuu ikakubaliana nao kwamba hifadhi haikuundwa kisheria. Wanyama hawakusomewa hukumu hiyo, wala hawakuhama. Wanaishi leo kwa hisani ya vijiji vinavyolima ukingoni, na vijiji hivyo vina njaa zake. Mgeni anayefika hapo na kuanza kuwahutubia watu kuhusu uhifadhi anapoteza muda wa wote.

Ng'ambo ya mto, upande wa Garissa, kuna mnyama ambaye kwa maoni yangu peke yake anatosha kumtoa mtu Liboi: hirola. Ni swala wa rangi ya mchanga, mwenye pembe ndefu zilizopinda na mstari mweupe unaounganisha macho kama miwani. Wazungu walimjua mwaka 1888 kupitia mwindaji aitwaye Hunter aliyempata kandokando ya Tana. Waorma, Wasomali na Waboni walikuwa wakimjua miaka yote. Katika miaka ya 1970 walihesabiwa zaidi ya 10,000. Ikaja sotoka ya miaka ya 1980, ukame, uwindaji, na nyasi kufunikwa na vichaka baada ya tembo kumalizwa na majangili. Leo hawafiki 500. Hakuna hirola kwenye bustani yoyote ya wanyama duniani, na hana ndugu wa karibu wa kushika nafasi yake. Ukoo wake wote ni yeye.

Historia yake ina funzo kwa yeyote anayedhani watu wa Ijara hawajali wanyama. Mwaka 1963 baadhi ya hirola walihamishiwa Tsavo Mashariki. Mwaka 1996 serikali ilipotaka kuhamisha wengine zaidi, wenyeji walikwenda mahakamani kuzuia, wakisema mnyama ni wao. Wafugaji wa huko husema penye hirola ng'ombe hunawiri. Baadaye wakatenga ardhi yao wenyewe kandokando ya mto, hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, na mwaka 2012 wakaweka uzio wa kuzuia simba na mbwa mwitu, wakaingiza hirola 48. Wamezaana zaidi ya maradufu. Mtafiti mzaliwa wa Garissa, Dakta Abdullahi Ali, ambaye ameanzisha mradi wa kumwokoa hirola akiufanyia kazi kutoka Garissa, alipewa tuzo ya Whitley mwaka 2020.

Ishaqbini ndiko pia walikoonekana wale twiga weupe waliotangazwa duniani kote mwaka 2017. Machi 2020 twiga jike na mtoto wake walikutwa wameuawa na majangili, mifupa mitupu. Dume aliyebaki alivalishwa kifaa cha kumfuatilia Novemba mwaka huo huo.

Kupanda mashua bila kujuta

Ukiondoa kivuko cha watu na mizigo, vyombo vya Tana ni vya aina mbili: mtumbwi wa gogo na boti ya faiba yenye injini. Mtumbwi ni kimya, na wanyama hawaukimbii, lakini boko akiinuka chini yake umekwisha. Wapiga kafi wazoefu hugonga ubavu wa mtumbwi ili boko ajitokeze mahali wanapomwona, na hupita upande wenye maji ya kina kifupi, kwa sababu boko akishtuka hukimbilia kwenye kina. Usikubali kupita kati ya boko na kina. Asubuhi boko wanarudi majini kutoka malishoni na jioni wanatoka. Saa hizo ukingo ni wao. Mkono usining'inie nje ya chombo, na mahali wanapochota maji kina mama pasikudanganye kwamba hapana mamba. Wanachota hapo kwa sababu hawana pengine.

Boti ya injini ni salama zaidi mbele ya boko, lakini hatari yake ni tamaa ya abiria na mwenye chombo. Tarehe 28 Aprili 2024, mto ukiwa umekata barabara ya Garissa na Madogo, boti iliyojaa watu ilipinduka eneo la Kona Punda. Watu 23 waliokolewa, wengine wakapoteza maisha. Hao hawakuwa watalii. Walikuwa wasafiri waliokosa barabara, na wengi wetu tungepanda boti ile ile. Kwa matembezi ya hiari hakuna kisingizio: usipande chombo kisicho na jaketi la kuokolea la kila abiria, na usipande kabisa mto ukiwa umefurika. Bwawa la Masinga likijaa na kumwaga, maji hufika Garissa baada ya siku kadhaa hata kama Garissa yenyewe jua linawaka, hivyo tangazo la Masinga lisikilizwe kuliko anga ya Garissa.

Kuhusu usalama wa nchi kavu, nisema wazi. Barabara ya Liboi na Dadaab imewahi kutegwa mabomu, na kusini mwa Ijara kuna msitu wa Boni ambako jeshi limekuwa na operesheni tangu 2015. Mtu asiondoke Liboi peke yake, usiku, au bila kuuliza polisi na watu wa magari hali ikoje siku hiyo. Kitambulisho kiwe mfukoni, kwani kwenye vizuizi na daraja la Garissa abiria hukaguliwa mmoja mmoja. Ishaqbini ni ardhi ya jamii: wasiliana na hifadhi kabla ya kwenda, lipa ada yao, na utembee na askari wao wa wanyama. Masalani ndiyo mji wa karibu wa kulala na kupata chakula. Ukifika nyumba ya mtu ukakaribishwa chai ya maziwa ya ngamia, usiikatae.

Mwisho wa mto

Ukifuata mkondo mpaka Garsen na kuendelea, mto unatawanyika kwenye delta ambayo tangu 2012 imo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye thamani kwa dunia nzima. Hapa mashua ni jambo la kila siku. Kutoka Kipini, wenyeji wanaweza kukupandisha mpaka Ozi kupita kwenye mikoko, na utaona boko na mamba tena, pamoja na ndege wa pwani kwa maelfu msimu wa kaskazi.

Na hapa ndipo yale maneno ya barafu yanapopata maana yake. Wakulima wa Ozi na Kipini watakuonyesha mashamba ya mpunga yaliyoachwa na miembe iliyokauka. Si mto uliokauka; ni bahari iliyopanda. Maji matamu yakipungua, maji ya chumvi hupanda mtoni wakati wa bamvua na kuingia mashambani. Bwawa tano juu, mashamba makubwa ya umwagiliaji, handaki linalopeleka Nairobi maji ya vijito vya Murang'a ambavyo ni watoto wa Tana, na msitu uliokatwa mlimani, vyote vinachukua sehemu yake kabla mto haujafika kwetu. Kila mradi mpya wa maji juu ya Tana unapojadiliwa, wajumbe wa kaunti za juu huwa mezani wakihesabu megawati na lita. Anayehesabu kiasi cha maji matamu kinachotakiwa kubaki kwenye mto ili bahari isipande Ozi, na ili msitu wa mbega usikauke chini ya Hola, ni vigumu kumwona kwenye mkutano.

Mzee wa Kipokomo akikupeleka na mtumbwi wake hapo Ozi atachota maji kwa kiganja, aonje, ateme au ameze, na hivyo ndivyo anavyojua afike wapi siku hiyo. Wakati wa kiangazi mahali pa kutemea husogea juu.